Bastola kiunoni, grini kadi mfukoni

Swali: Shikamoo mama wakili. Mimi ni Mtanzania, miaka 34, naishi Fort Worth, Texas, na mke na watoto watatu; mkubwa ana miaka tisa. Nina grini kadi. Usiku naendesha Uber. Juzi dereva mwenzetu wa huku kanyang'anywa gari, nikaona isiwe tabu, nikanunua bastola ya milimita tisa. Jamaa wananiambia Texas siku hizi leseni haihitajiki, niichomeke tu kiunoni chini ya shati. Mke wangu hataki hata kuiona. Nauliza: naruhusiwa kuibeba? Nikimpiga risasi mtu anayetaka kunipora, nitafungwa? Na kuna dogo mmoja anakaa kwangu, yuko kwa viza ya masomo, naye anaiomba akiwa na safari za usiku. Nimpe?

Jibu: Marahaba, baba. Nimesoma ujumbe wako mara mbili, na neno lililonisimamisha si bastola. Ni grini kadi. Umeitaja kwa kupita, kama mtu anavyotaja mtaa anaokaa, ilhali mimi faili lako likiwa mezani kwangu ningeanzia hapo hapo. Sheria ya bastola ya Texas utaielewa kwa mchana mmoja. Ile ya uhamiaji iliyojificha nyuma yake ndiyo inayowaliza watu.

Jamaa zako hawajakudanganya. Tangu tarehe 1 Septemba 2021, mtu mwenye miaka 21 au zaidi, ambaye hajakatazwa kumiliki silaha, anaweza kubeba bastola Texas bila leseni. Ikionekana, iwe kwenye kifuko chake. Ikiwa imefichwa chini ya shati, sawa. Mkaazi wa kudumu, yaani mwenye grini kadi kama wewe, hakukatazwa, ndiyo maana duka lilikuuzia baada ya kujaza ile Fomu 4473, fomu ya serikali kuu ya kununulia silaha, na kuandika namba yako ya uhamiaji. Juni 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani nayo ikaamua, katika kesi ya Bruen iliyotoka New York, kwamba haki ya kuwa na silaha ya kujilinda haiishii mlangoni kwako. Unatoka nayo mpaka barabarani. Kwa hiyo swali lako la kwanza lina jibu fupi: unaruhusiwa. Wengi wakishasikia hivyo hunyanyuka wakaondoka. Wewe kaa kidogo.

Ngoja nimalizane na huyo dogo kwanza, maana lake ni jepesi kujibu na zito kulibeba. Usimpe. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu aliyeingia kwa viza ya muda, wakiwemo wanafunzi, kumiliki au kushika silaha ya moto hata risasi moja, isipokuwa kwa vighairi vichache, kama kuwa na kibali halali cha uwindaji. Kifungo chake kinafika miaka 15, na anayempa huku akijua hali yake anaingia kwenye mkumbo huo huo. Sheria haimwulizi kama ni ya kwake au ameazima. Nimeona picha za vijana wetu, viza ya masomo ya F-1, wako kwenye uwanja wa kulenga shabaha wanachekelea na bunduki ya kukodi, wamezituma Instagram wenyewe. Hiyo ni ushahidi uliojipiga picha. Na kama anakaa kwako, isiwe mahali anapoifikia. Mwendesha mashtaka hahitaji kuonyesha kwamba aliibeba. Kuonyesha kwamba iko chini ya mamlaka yake kunaweza kumtosha.

Kwenye fomu hiyo hiyo kuna swali la matumizi ya bangi na dawa nyingine zilizodhibitiwa. Watu wetu husoma "bangi" wakatikisa kichwa, hapana, mimi sivuti. Haya, na mirungi? Kathinoni iliyomo kwenye mirungi mibichi iko daraja la kwanza la dawa zilizopigwa marufuku Marekani, pamoja na heroini. Shambani Meru, Kenya, ni zao la biashara. Hapa Texas ni swali kwenye fomu, na kulijibu uongo ni kosa la jinai. Sisemi wewe unatafuna. Nasema kuna baraza za Ijumaa nazijua.

Sasa grini kadi.

Sheria ya uhamiaji ya Marekani ina kipengele kinachosema kwamba mgeni yeyote aliyetiwa hatiani kwa kununua, kuuza, kutumia, kumiliki au kubeba silaha ya moto kinyume cha sheria yoyote ile, anaweza kuondolewa nchini. Hakisemi kosa liwe kubwa. Hakisemi awe amemuumiza mtu. Hakina ukomo kwamba ukishakaa miaka kadhaa umepona. Wakati wowote baada ya kuingia. Jirani yako raia akiingia na bastola mahali pasiporuhusiwa, akakiri kosa dogo, atalipa, atatumikia uangalizi, atamsimulia shemeji yake Krismasi. Wewe kwa kosa hilo hilo unaweza kusimama mbele ya hakimu wa uhamiaji.

Na Texas ina mtego wake wa ziada. Kuna kitu kinaitwa hukumu iliyoahirishwa: unakiri kosa au unasema hupingi, hakimu haandiki hatia, anakupa uangalizi wa muda, ukimaliza salama kesi inafutwa. Kwa raia ni neema. Kwa sheria ya uhamiaji, kukiri pamoja na adhabu au kizuizi chochote alichotoa hakimu ni hatia kamili, hata kama Texas yenyewe inasema hakuna hatia.

Nilikuwa na mteja, Mkongomani, fundi wa kuezeka mapaa, mtu mpole. Alibishana na mtu kwenye kituo cha mafuta kuhusu nani alitangulia kwenye pampu. Mwenzake akamkaribia kifua kwa kifua, naye akapandisha fulana kidogo, vidole viwili tu hivi, ule mpini ukaonekana. Hakuigusa. Yule mtu akarudi kwenye gari lake akapiga simu polisi. Nilipofika mahakamani asubuhi ile, mteja alikuwa tayari amekaa kwenye benchi la ukumbini na karatasi mapajani, wakili wa kupewa na mahakama amemweleza kwamba hii ndiyo nafuu, sahihi hapa, utakwenda kazini leo leo. Kalamu ilikuwa mkononi. Kwa upande wa jela, wakili yule alikuwa sahihi kabisa. Nikamwuliza mteja kwa Kiswahili: amekuuliza una pasipoti ya wapi? Hakuuliza. Tangu kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, mwaka 2010, Mahakama ya Juu inamtaka wakili wa jinai amweleze mteja asiye raia madhara ya uhamiaji kabla hajakiri. Wengi wanafanya. Wengine wana faili arobaini asubuhi hiyo. Ilituchukua miezi saba kupata makubaliano ambayo neno silaha halimo ndani yake, na ile miezi saba yule bwana alikonda.

Ndiyo maana ukiniuliza kama leseni ya kubeba bastola, ile wanayoiita LTC, inahitajika, nakujibu kwamba Texas haikudai, ila mimi nakudai. Inatolewa na Idara ya Usalama wa Umma ya Texas. Ada yake ni dola 40, darasa la saa nne hadi sita, na mtihani wa kupiga risasi 50 kutoka yadi tatu, saba na kumi na tano. Mkaazi wa kudumu anaipata. Faida yake haiko kwenye kiburi cha kuwa na kadi. Angalia kazi yako: usiku kucha unapita mbele ya shule. Sheria ya shirikisho inakataza kuwa na silaha ndani ya futi 1,000 za shule, kama mita 300, na barabara ya umma imo. Mwenye leseni ya jimbo ile shule ilipo ameondolewa kwenye katazo hilo. Anayebeba kwa uhuru wa 2021 tu, bila leseni, hakuondolewa. Labda awe na bastola isiyo na risasi, imefungwa kwa kufuli. Chora duara la mita 300 kuzunguka kila shule ya Fort Worth kwenye ramani uone utapitia wapi.

Uwanja wa ndege vilevile. Mwaka 2023 wakaguzi wa usalama wa viwanja vya ndege vya Marekani walikamata silaha 6,737 kwenye mizigo ya mkononi, na karibu 93 kati ya kila 100 zilikuwa na risasi ndani. Wengi wao hawakuwa magaidi, walisahau begi. Ukisahau huku una LTC, sheria ya Texas inakupa utetezi, mradi uondoke pale kwenye ukaguzi mara tu unapoambiwa. Bila leseni utetezi huo huna. Faini ya serikali kuu, ya maelfu ya dola, inabaki pale pale kwa wote.

Mahali pengine pa kukwepa utafundishwa darasani: shule, mahakama, vituo vya kupigia kura, magereza. Mimi nikusisitizie mawili. Baa, au mkahawa wowote ambao zaidi ya nusu ya mapato yake ni pombe ya kunywewa hapo hapo, hubandika tangazo lenye 51% kubwa nyekundu. Kuvuka mlango huo na bastola ni kosa kubwa, miaka miwili hadi kumi. Abiria wako akikusihi uingie umsaidie kumtoa rafiki yake aliyelewa, mwambie unamsubiri nje. La pili ni ofisi za serikali kuu. Siku ukiitwa ofisi ya uhamiaji kuchukuliwa alama za vidole, bastola ibaki nyumbani. Usiniambie hakuna anayeweza kusahau. Mtu akishaizoea kiunoni inakuwa kama simu. Majengo mengine ya watu binafsi yana matangazo marefu kwa Kiingereza na Kihispania, yanataja vifungu 30.05, 30.06 na 30.07, hicho cha kwanza ndicho kinachokuhusu usiye na leseni. Ukikuta tangazo hilo au ukiambiwa kwa mdomo utoke, toka bila mjadala.

Na usitoke nje ya Texas kwa mazoea. Oklahoma na Louisiana zinafanana na hapa. New York na California haziitambui leseni yetu. Kuna mama mmoja wa Philadelphia, mwenye leseni safi ya Pennsylvania, alivuka daraja kuingia New Jersey mwaka 2013, akasimamishwa kwa kosa la barabarani, akamwambia polisi kwa uaminifu kwamba ana leseni na bastola iko kwenye pochi. Akakaa rumande zaidi ya siku arobaini, akiwa mama wa watoto wawili asiye na kosa hata moja la nyuma. Gavana alimsamehe mwaka 2015. Kilichomponza ni kuvuka mpaka wa jimbo.

Kwa kuwa unashinda barabarani, polisi watakusimamisha. Si kama, ni lini. Hapa nitakaa kidogo. Mwaka 2016, Falcon Heights, Minnesota, Philando Castile, mfanyakazi wa jikoni wa shule, mwenye kibali halali, alisimamishwa akamwambia askari kwa adabu kwamba anayo silaha. Askari akamwambia asiiguse. Sekunde chache baadaye alikuwa amepigwa risasi, mchumba wake pembeni, mtoto wa miaka minne kiti cha nyuma. Askari alishitakiwa na mwaka 2017 jopo la raia kumi na wawili likamwachia. Siyaandiki haya kukutisha. Naandika kwa sababu watu weusi wenye lafudhi tunaambiwa "sema ukweli tu utakuwa salama", na ukweli peke yake haukumtosha Castile.

Ninachowaambia wateja ni hiki. Karatasi za gari na bima zikae kwenye kikinga-jua juu ya kichwa, kamwe zisikae droo moja na bastola. Taa ya ndani uwashe, kioo ushushe, mikono yote juu ya usukani kabla askari hajafika mlangoni, na iendelee kukaa hapo. Ukiwa na LTC na bastola unayo, sheria ya Texas inataka askari akikuomba kitambulisho uonyeshe na leseni ile pamoja. Anza sentensi yako na neno leseni, si neno bunduki: afisa, nina leseni ya kubeba, silaha ninayo kiunoni kulia, mikono yangu hii hapa, ungependa nifanyeje? Kisha nyamaza usubiri. Jizoeze sentensi hiyo kwa Kiingereza mbele ya kioo mpaka itoke bila kigugumizi, maana usiku ule hutakuwa na muda wa kutafuta neno.

Haya, swali kubwa: nikimpiga risasi mtu anayetaka kunipora, nitafungwa?

Texas inakuruhusu kutumia nguvu ya kuua pale unapoamini, kwa sababu ambazo mtu mwenye akili timamu angeziamini, kwamba inahitajika hapo hapo kujikinga na mtu anayetaka kukuua, au kuzuia unyang'anyi, utekaji, ubakaji, mauaji. Mtu akilazimisha kuingia kwenye gari ukiwa ndani, au akikuvuta akutoe kwa nguvu, sheria inaanza kwa kudhani kwamba hofu yako ilikuwa ya haki. Hulazimiki kukimbia kwanza. Hadi hapo jamaa zako watapiga makofi.

Lakini dhana hiyo ina masharti, na masharti yote yanahusu dakika za kabla. Usiwe wewe uliyemchokoza. Usiwe katikati ya kosa jingine la jinai zaidi ya makosa madogo ya barabarani. Maneno matupu, hata akikutukana mama yako na nchi yako, hayahalalishi nguvu yoyote. Na kuna kifungu ambacho karibu hakuna anayekijua: ukimfuata mtu kutaka maelezo au kusuluhisha ugomvi wenu huku umebeba bastola kinyume cha sheria, umeupoteza utetezi wako, hata kama yeye ndiye aliyerusha ngumi ya kwanza. Kwa maneno mengine, kama umelewa na bastola kiunoni, ukashuka kwenye gari kwenda kumwuliza mtu "kwani tatizo lako nini", kesi umeshaanza kuipoteza ukiwa unatembea. Yule Mkongomani wangu aliponea hapo. Alikuwa na haki ya kuibeba, ila kuionyesha kumtia mtu hofu kunaruhusiwa pale tu ambapo kutumia nguvu kungeruhusiwa. Kugombea pampu hakumo.

Utaambiwa pia kwamba Texas unaweza kumpiga risasi mwizi wa mali usiku. Kifungu kipo, na ni cha ajabu kweli. Kinataja wizi wa usiku, hata mwizi anayekimbia na mali. Kinadai vilevile uwe na sababu ya haki ya kuamini kwamba mali haiwezi kulindwa au kurudishwa kwa njia nyingine, au kwamba kutumia nguvu ndogo zaidi kungekuweka kwenye hatari kubwa ya kufa au kuumia vibaya. Gari lako lina bima. Mtu akiondoka nalo wewe ukiwa umesimama kando mikono mitupu, hai, mwache aende. Mimi sijawahi kumshauri mteja akitegemee kifungu hicho, na sitaanza na wewe. Risasi uliyoirusha ikimpata mpita njia, ukiwa umeirusha kwa uzembe, utetezi wote niliokutajia hauhesabiki kwa huyo mpita njia. Barabara za mjini zina wapita njia.

Unataka kujua jopo la raia linavyotabirika? Julai 2020, Austin, askari wa jeshi aitwaye Daniel Perry alikuwa anaendesha Uber kama wewe, akakata kona akaingia kwenye umati wa waandamanaji. Garrett Foster, aliyekuwa amebeba bunduki waziwazi, na kwa sheria ya Texas aliruhusiwa, akalisogelea gari. Perry akampiga risasi akamwua, akasema alijihami. Jopo lilimtia hatiani Aprili 2023, akahukumiwa miaka 25. Mei 2024 gavana akamsamehe. Watu wa huku walibishana sana kuhusu nani alikuwa na haki, na wataendelea. Mimi jicho langu liko kwako: msamaha wa gavana unafuta sababu kadhaa za kuondolewa nchini, na kosa la silaha halimo kwenye orodha hiyo. Raia alitoka. Mwenye grini kadi aliyetiwa hatiani kwa kosa la silaha angetoka gerezani, na kesi yake ya uhamiaji ingekuwa bado inamsubiri mlangoni.

Ikitokea, Mungu apishie mbali, ukapiga: piga 911, taja mahali, omba gari la wagonjwa, sema umeshambuliwa. Bastola iwe mbali na mikono yako polisi wakifika. Baada ya hapo unasema kwa sauti kwamba unatumia haki yako ya kukaa kimya na unataka wakili. Sema kwa mdomo. Katika kesi ya Salinas dhidi ya Texas, iliyotoka hapa Houston na kuamuliwa mwaka 2013, mtu alikuwa anajibu maswali ya polisi kwa hiari yake, likaja swali la maganda ya risasi akanyamaza tu, bila kutamka kwamba anatumia haki yake. Ukimya ule ukatumiwa dhidi yake. Sisi tumelelewa kwamba kunyamaza mbele ya mkubwa ni heshima. Hapa inabidi utangaze kwamba unanyamaza. Na usikubali mtafsiri awe jirani yako au dogo wa nyumbani.

Naona umekwepa kuniuliza kuhusu Uber yenyewe. Kampuni inakataza silaha kwa dereva na kwa abiria, hata kama sheria ya jimbo inaruhusu. Si jinai, hakuna atakayekufunga. Ila abiria mmoja akiuona mpini ukiwa unapinda kuchukua begi, anaripoti kwenye simu, na akaunti inayolipa kodi ya nyumba inazimwa. Hilo ni chaguo lako na siwezi kulichagua, lakini umeniuliza kama mtoto anavyomwuliza mama, kwa hiyo: mimi zamu ya Uber ningeiacha bastola nyumbani. Kwanza fikiria inakaa wapi. Kiunoni ukiwa umefunga mkanda wa gari, unaichomoaje wakati mtu wa kiti cha nyuma ameshakuwekea kitu shingoni? Chini ya kiti, ukikanyaga breki kwa nguvu inateleza nyuma, miguuni kwa abiria. Nilishaona hivyo kwa macho, kwenye gari la dereva aliyenipeleka nyumbani. Kitu kiligonga kiatu changu, nikadhani ni chupa ya maji. Nikaiokota kwa kitambaa nikamrudishia, hatukusemeshana mpaka nyumbani. Weka kamera ya ndani na nje yenye taa inayoonekana, chagua maeneo, kataa safari usizozipenda. Dereva anayekataa safari anapoteza dola nane.

Kuhusu mkeo. Umeandika "hataki hata kuiona" kana kwamba ni ugonjwa wake. Una mtoto wa miaka tisa na wawili chini yake. Sheria ya Texas inamshitaki mtu anayeacha silaha iliyo tayari kufyatuliwa mahali ambapo mtoto chini ya miaka 17 anaweza kuifikia, na mtoto akaifikia. Kosa ni la faini ikiwa hakuna aliyeumia. Linapanda hadi kifungo cha mwaka mmoja mtoto akiifyatua na mtu akafa au kujeruhiwa vibaya. Juu ya kabati si mahali. Chini ya godoro si mahali. Watoto wa miaka tisa wanajua kila kilichopo chini ya godoro la wazazi wao. Nunua kisanduku cha chuma cha kufunguliwa kwa namba au kidole, ukikaze kwa skrubu kwenye mbao za ndani ya ukuta, na ukae na mkeo muamue nani anajua namba. Jioni ukirudi, bastola inaingia humo kabla hujavua viatu. Na huyo dogo wa viza hajui namba.

Jisajili darasa la LTC mwezi huu, na mwulize mkeo kama naye angependa kwenda. Akikataa, umemwuliza. Tena ukifika wakati wa kuomba uraia, Fomu N-400 itakuuliza kama umewahi kupata mafunzo ya silaha. Wanaume wetu hushtuka hapo, wakafikiria mgambo wa kijijini, wakajibu hapana. Darasa la LTC ni mafunzo ya silaha. Jibu ndiyo, andika tarehe, mji, na kwamba lilikuwa la leseni ya kubeba bastola Texas, kisha ambatanisha nakala ya cheti.